Hoja, ubishi na gunia la viazi

Wanafunzi wangu wa isimu huchanganya maneno hoja, ubishi na diskosi kila muhula, nami sichoki kuyatenganisha, maana anayedhani ubishi ni hoja hupunjwa mchana kweupe.

Juzi nilisimama Isongole, njia ya Uyole kwenda Tukuyu, kununua viazi. Kando yangu mama mmoja alikuwa anauza magunia kwa mnunuzi wa jumla. Gunia lilishajaa hadi mdomoni, lakini vijana wakazidi kurundika viazi juu na kuvishonea kwa kamba, ujazo wa kupita kiasi unaoitwa lumbesa.

"Mwanangu, hiyo lumbesa."

"Siyo lumbesa, mama."

"Ni lumbesa."

"Siyo."

Huo ni ubishi: kauli inagonga kauli, kama anayebisha hodi mlango usiofunguliwa.

Hoja ilikuja pale mama aliposema, "Basi liweke kwenye mzani. Likizidi kilo mia, sheria ya vipimo inakataza." Neno hoja limetokana na Kiarabu, hujja, yaani ithibati. Mwaka 1958 mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alieleza kwamba hoja ina dai, ina ushahidi, na ina kanuni inayoviunganisha. Mama alikuwa navyo vyote: gunia limezidi, mzani utaonyesha, ukomo ni kilo 100.

Mnunuzi akajibu, "Mama, hapa ndivyo tunavyofunga."

Hapo ndipo penye diskosi. Mwanaisimu wa Marekani, Zellig Harris, alipoandika kuhusu uchanganuzi wa diskosi mwaka 1952, alitaka tuvuke mpaka wa sentensi moja, tutazame usemi mzima. Baadaye mwanafalsafa Mfaransa, Michel Foucault, akaipanua zaidi dhana hiyo: diskosi ni mazoea ya kusema yanayoamua lipi linasemeka na nani asikilizwe. Kauli ile haikugusa kilo hata moja. Ilifanya "tunavyofunga" kuwa ndiyo kawaida, na mzani ukawa ukorofi wa mama. Iliniuma, kwa sababu hoja yake ilikuwa kamili na hakuna aliyeijibu.

Vijana waliendelea kushona. Mama akapokea noti zake, akazihesabu mara mbili, huku gunia moja likiinuliwa na wanaume wanne.