Ukongwe kazini nchini India: yanayosemwa mitaani na yaliyoamuliwa mahakamani

Katika utumishi wa serikali nchini India, jina lako likishuka hata mistari michache kwenye orodha ya ukongwe, yaani ya nani anahesabiwa kumtangulia nani kazini, unaweza kustaafu bila kukifikia cheo ulichokitarajia. Ndiyo maana watumishi hushtakiana miaka nenda miaka rudi, na mengi yanayosemwa kuhusu kesi hizo si ya kweli.

"Aliyetangulia kuingia serikalini ndiye mkubwa."
Hapana. Ukongwe huhesabiwa ndani ya kada husika, na kada nyingi zina milango miwili: waliopandishwa kutoka ngazi ya chini, na walioajiriwa moja kwa moja kwa mtihani wa ushindani. Kanuni huwagawia nafasi kwa uwiano maalumu, kisha mara nyingi majina hupangwa kwa zamu, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Vurugu huanza ajira mpya zinapochelewa. Waliopandishwa wanaendelea kuchapa kazi, halafu wapya wanafika na kudai nafasi za juu kwenye orodha, kwa hoja kwamba viti vyao vilikuwa wazi tangu zamani.

Mwaka 2012, katika kesi ya N.R. Parmar, Mahakama ya Juu iliikubali hoja hiyo. Kisha ikaja kesi ya maofisa wa polisi wa jimbo la Manipur. Wakaguzi walipandishwa na kuingia kwenye kada Machi 2007. Walioajiriwa moja kwa moja wakaingia Agosti na Novemba mwaka huohuo, lakini wakataka wawe juu yao. Novemba 2019 Mahakama iliutengua uamuzi wa Parmar: mtu hawezi kudai ukongwe wa siku ambazo hakuwa bado kwenye kada. Naona ni haki. Kuchelewa kwa serikali kuajiri hakupaswi kumwangukia aliyekuwa akilibeba jukumu. Hata hivyo, ukongwe uliokwisha kupangwa kwa kufuata Parmar haukufumuliwa.

"Nimekaimu miaka kumi, kwa hiyo yote inahesabiwa."
Inategemea ulivyoteuliwa. Mwaka 1990, katika shauri la wahandisi wa Maharashtra, majaji watano waliamua kwamba aliyeteuliwa kwa kufuata kanuni huhesabiwa tangu siku ya uteuzi, si siku ya kuthibitishwa. Aliyewekwa kuziba pengo tu, nje ya kanuni, hahesabiwi muda huo. Kwa hiyo barua ya uteuzi itunzwe kama hati ya shamba.

"Mgawo maana yake ni tabaka."
Haya ni mambo mawili tofauti. Mgawo niliousema ni wa njia ya kuingia kazini. Nafasi maalumu kwa tabaka na makabila yaliyoorodheshwa, yaani makundi yaliyobaguliwa tangu zamani, zina historia yake: mwaka 1992 Mahakama ilizuia zisitumike katika kupandisha vyeo, Bunge likarekebisha Katiba mwaka 1995 kuziruhusu, na mwaka 2001 likaongeza kwamba aliyepanda kwa njia hiyo hubaki na ukongwe wake.

"Ukishinda kesi, mahakama inakupa cheo."
Haki ya msingi ni kufikiriwa, chini ya ibara ya 16 ya Katiba. Cheo chenyewe si haki. Kwa kawaida mshindi hupata amri kwamba orodha ipangwe upya na kamati ya upandishaji vyeo ikae tena kulipima jina lake.