Kupunguza mwili: tunayoambiana na yaliyo kweli

Neno la kwanza analoambiwa mtu mnene ni kwamba hana msimamo. Ataambiwa na ndugu, ataambiwa na marafiki, na mwishowe atajiambia mwenyewe kila akijitazama kwenye kioo. Naanza na hilo, maana ndilo linaloumiza kuliko yote.

"Ni nia tu. Ukiamua, utaacha kula hovyo."

Mwaka 2019 watafiti wa serikali ya Marekani wakiongozwa na Kevin Hall walichapisha matokeo ya jaribio la watu 20 waliokaa kituoni kwao wiki nne mfululizo. Wiki mbili walilishwa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili nyingine vyakula vya asili visivyochezewa sana. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliachiwa ale mpaka atosheke. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua kiasi hichohicho. Ni watu walewale, hakuna aliyekuwa na nia kubwa wiki hii akaipoteza wiki ijayo. Kilichobadilika ni chakula kilichowekwa mbele yao.

Kwa hiyo nguvu ipelekwe kwenye kupanga mazingira, si kupigana na hamu kila jioni. Kopo la biskuti likikaa mezani unapofanyia kazi, mkono unakwenda wenyewe: unaandika, unawaza, unachukua. Lipeleke kwenye kabati la juu, chumba kingine. Sasa kila biskuti inakudai uinuke, utembee, ufungue mlango, unyooshe mkono, na njiani akili inapata nafasi ya kuuliza kama kweli una njaa. Pale kopo lilipokuwa weka matunda yaliyokwisha kuoshwa. Ununuzi nao ufanywe ukiwa umeshiba, orodha mkononi, kwa sababu kisichoingia nyumbani hakikuiti saa 5 usiku.

"Jinyime kabisa, utapungua haraka."

Kupungua utapungua, lakini angalia kinachofuata. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea, hadi karibu nusu ya walichozoea, kwa miezi sita. Mawazo yao yote yaligeuka kuwa chakula. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, wananuna, wanakasirika ovyo. Walipoachiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuhisi shibe. Mtu anayeshinda na njaa kutwa kisha akafagia sufuria usiku si mlafi. Mwili wake unafanya uliloumbiwa. Punguza kidogo, kwa namna utakayoweza kuishi nayo hata mwaka ujao.

"Tabia mpya hujengeka kwa siku 21."

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo moja dogo kila siku. Ilichukua kama siku 66 jambo likawa linajiendea lenyewe, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wengi huacha kabisa kwa sababu ya Jumamosi moja iliyowashinda, wakati Jumapili asubuhi ilikuwa bado ni yao. Jambo jipya lifunge kwenye lile unalolifanya tayari: "Nikimaliza chakula cha usiku, napiga mswaki papo hapo." Ni dogo, lakini wengi wakishapiga mswaki hawarudi tena jikoni.

"Kuandika ninachokula ni kujisumbua bure."

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, wenye washiriki karibu 1,700, ulionyesha kwamba waliojiandikia karibu kila siku walipungua takriban mara mbili ya wasioandika. Huenda waandikaji walikuwa na ari zaidi tangu mwanzo, ndiyo. Hata hivyo kijitabu kinafichua mambo. Andika ulichokula, saa, na ulivyojisikia: "Biskuti nne, saa 4 usiku, sina njaa, nimegombana na bosi." Mistari mitatu ya aina hiyo kwa wiki moja, na unajua kwamba tatizo halikuanzia tumboni. Ila aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima au kula na kujitapisha asianze hesabu hizi bila mtaalamu; kwake zinaweza kuamsha maradhi upya.

"Usingizi hauhusiani na uzito." Unahusiana. Ukipata usingizi wa muda wa saa nne tu kwa usiku mmoja au miwili, homoni za njaa zinaweza kupanda na za shibe kushuka, na hamu ya vitamu kuongezeka.

"Bila kushusha kilo 20, hakuna faida."

Katika mpango mkubwa wa kuzuia kisukari wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002, zaidi ya watu 3,000 waliokuwa hatarini walishiriki. Kundi la kubadili mtindo wa maisha lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Uwezekano wao wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58. Waliotumia dawa ya metformini, kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Mizani ikipanda kilo moja kati ya jana na leo, mara nyingi ni maji, si mafuta, kwa hiyo tazama mwelekeo wa wiki kadhaa. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dozi iliyomfaa kwa milo ya zamani inaweza kumshusha sukari kupita kiasi.