“Ina Cheti?” Tafadhali Msiniulize Tena

Nimeulizwa tena wiki hii. Nimeweka kwenye grupu letu la wakusanyaji wa saini picha ya mpira wa besiboli wenye saini ya Fergie Jenkins, mrushaji wa zamani wa Cubs, timu ya hapa Chicago, na kabla sijamaliza kuandika maelezo mtu keshauliza: “Kaka, ina cheti?” yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba saini ni halisi. Aliyeuliza ni muungwana, sina ugomvi naye. Lakini swali hilo nimeulizwa na wageni wa mchezo, nimeulizwa na Watanzania wenzangu wa hapa Chicago wanaotafuta zawadi ya kumpelekea bosi, nimeulizwa hata na wazee waliokuwa wakikusanya kadi za wachezaji tangu enzi za Ernie Banks, gwiji wa Cubs, watu ambao wao ndio wangepaswa kunifundisha mimi. Sasa naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Imani yenyewe ni hii: saini yenye cheti ni halisi, isiyo na cheti ni feki. Yote mawili si kweli, na hilo la kwanza ndilo baya zaidi kwa sababu ndilo linalowatoa watu pesa mfukoni.

Cheti ni karatasi. Ina nembo ya rangi ya dhahabu, ina maneno mazito, na chini ina saini ya mtu usiyemjua anayekuhakikishia saini ya mtu mwingine. Hebu fikiri kidogo. Mtu aliyekaa chini akajifunza kughushi jina la Babe Ruth, gwiji wa zamani wa besiboli, juu ya ngozi ya mpira, unadhani printa ndiyo itamshinda?

Haya si mawazo yangu tu. Katikati ya miaka ya 1990 FBI wa hapa Chicago waliwafuatilia watu waliokuwa wakiuza vitu vyenye saini bandia za kina Michael Jordan. Waliyoyagundua yakasaidia upelelezi mkubwa zaidi ulioendeshwa San Diego kwa jina la Operation Bullpen. Huko San Diego, Tony Gwynn, mpigaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Padres, alikuta katika duka la timu yake mwenyewe vitu vyenye saini yake ambayo hakuiandika. Kundi la waghushi lilipovunjwa, miongoni mwa vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Mama Teresa! Kuna mtu aliamini kwamba yule mama, katikati ya kuhudumia wagonjwa Kolkata, alikuwa akipata nafasi ya kusaini mipira ya kampuni ya Rawlings. Na mali ile ilikuwa ikiuzwa na vyeti vyake, tena vizuri tu. Makadirio yaliyotajwa wakati ule ni kwamba zaidi ya nusu ya saini za mastaa wanaotafutwa sana sokoni zilikuwa za kughushi. Wanunuzi wa mali ile walikuwa watu makini. Waliuliza kama ina cheti, wakaambiwa kipo.

Baada ya aibu ile, mwaka 2001 ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ikaanzisha mpango wake wa uthibitisho, na hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, maana hata wanaojua kwamba cheti cha karatasi ni bure huja kukosea kwenye hologramu, ile stika inayometameta.

Mpango wa ligi hautazami saini ukasema “naam, hii inafanana.” Mthibitishaji, na wengi wao ni polisi au waliowahi kuwa polisi, anakuwepo mkono unapoandika. Ameona. Ndipo anabandika stika ya hologramu yenye namba yake ya pekee, na namba hiyo inaingizwa kwenye hifadhidata ambayo wewe uliyekaa Mwanza au Mombasa unaweza kuifungua kwa simu ukaona kitu hicho ni nini. Ukipeleka mpira ambao Jenkins alikusainia jana mbele ya mkeo na wanao, watakurudisha nao. Hawakuwepo. Ndiyo maana ninauheshimu mpango huo: unasema kilichoonekana, basi.

Sasa sikilizeni. Hologramu hiyo hiyo hubandikwa pia kwenye vitu vilivyotumika uwanjani. Mpira umerushwa katika mechi fulani, mthibitishaji ameufuata kwa macho mpaka ukatoka mchezoni, umebandikwa stika. Baadaye mtu anaununua, anaupeleka kwenye kongamano la mashabiki, ambako wachezaji huketi mezani kusaini, na mchezaji anausaini. Au hausaini, anausaini binamu wa muuzaji sebuleni. Stika ipo, ni ya kweli, haikuchezewa, na kuhusu saini haisemi lolote. Nimeonyeshwa mipira ya namna hiyo na watu waliolipa bei ya saini iliyothibitishwa. Nikawaambia waingize namba. Jibu lililotoka lilitaja mechi, lilitaja mrushaji, lilitaja mpigaji. Neno “saini” halikuwemo. Mmoja alinikasirikia mimi, kana kwamba hifadhidata nimeiandika mimi. Kwa hiyo usiishie kutazama kama stika ipo. Ingiza namba, soma kilichoandikwa, mpaka mwisho.

Haya, twende kwenye makongamano, kwa sababu ndiko saini zangu nyingi zinakotoka na ndiko swali la cheti linapogeuka kichekesho. Cubs Convention ilianza mwaka 1986, ya kwanza ya namna yake kwa timu ya ligi kuu, na wengine wakaiga: Twins wa Minnesota wakaanza TwinsFest mwaka 1989, Cardinals wakaanza Winter Warm-Up yao St. Louis mwaka 1997. Msimu wa mambo haya ni Januari. Wachezaji hawana mechi, kambi za mazoezi hazifunguliwi mpaka Februari, na klabu inataka ukate tiketi za msimu wakati nje kuna barafu na wewe una kiu ya besiboli. Utaratibu hutofautiana. St. Louis unanunua tiketi ya saini ya mchezaji unayemtaka na pesa zinakwenda kwenye mfuko wao wa hisani. Kwingine kuna kura, kuna foleni, kuna bahati tu. Soma sheria za mwaka huo, usiniulize mimi za mwaka jana.

Ukifika mezani una sekunde chache. Mpira uwe umeshatoka kwenye plastiki, umeushika kwa mishono ili mafuta ya vidole yasiguse ngozi, na kile kichochoro, yaani pale mishono inapokaribiana zaidi, kimetazama juu kuelekea kwa mchezaji. Ukimpa mpira ovyo ataandika popote mkono utakapoangukia. Kalamu ni Bic ya buluu. Makapeni ni ya picha, kadi na magongo; kwenye mpira wino wake hutambaa ndani ya ngozi, na baada ya miaka herufi zinatawanyika. Kalamu ya jeli usiilete kabisa. Mpira uwe Rawlings rasmi wa ngozi, si ule wa bei rahisi wa ngozi bandia. Ukifika nyumbani, weka gizani, mbali na dirisha. Hayo yanatosha, yameandikwa kila mahali.

Unatoka pale na mpira uliosainiwa mbele ya macho yako. Na hauna cheti. Klabu haikupi, mchezaji hakupi, na mpira ulioutoa nyumbani kwa kawaida hauondoki na hologramu. Yaani saini yenye uhakika kuliko zote utakazowahi kuwa nazo ndiyo ambayo kwenye grupu itaitwa feki, na ile ya mtandaoni yenye karatasi ya dhahabu itapigiwa makofi.

Kama hukuwepo, anza na mpira wenyewe kabla ya karatasi. Mpira rasmi una muhuri, na muhuri una tarehe zake hata kama haziandikwi. Mpaka mwaka 1999 kila moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, American na National, ilikuwa na mpira wake wenye jina la rais wa ligi hiyo. Kuanzia mwaka 2000 mpira ukawa mmoja, wenye jina la kamishna, yaani mkuu wa ligi kuu yote, Bud Selig. Tangu mwaka 2015 kamishna ni Rob Manfred. Mickey Mantle, gwiji wa Yankees, alifariki Agosti 1995. Kwa hiyo ukiletewa saini ya Mantle kwenye mpira wenye muhuri wa kamishna Selig, huhitaji mtaalamu wa maandishi, unahitaji kalenda. Wapo wanaoleta, tena na cheti. Rawlings pekee ndiyo inayotengeneza mpira wa ligi kuu tangu mwaka 1977, na ngozi ilibadilika kutoka ya farasi kwenda ya ng’ombe mwaka 1974, kwa hiyo mambo ya kuchunguza hayakosekani. Ukitaka maoni yangu, nitumie picha za mpira pande zote, kwenye mwanga wa mchana, muhuri ukisomeka.

Lakini hata kalenda ina pembe zake. Ernie Banks alifariki tarehe 23 Januari 2015. Manfred alishika ofisi tarehe 25 mwezi huo huo. Saini ya Banks kwenye mpira wa Manfred ningeikataa bila kupepesa macho, huku nikikumbuka kwamba mipira ya msimu haitengenezwi usiku mmoja. Ningeikataa, lakini nisingeapa mahakamani.

Na hapo ndipo penye shaka yangu kubwa, ambayo wauzaji hawaipendi. Kampuni zinazothibitisha saini kwa kulinganisha zinatoa maoni. Ni maoni ya watu waliotazama saini nyingi sana, hayafanani na karatasi ya muuzaji, na mimi mwenyewe nimeyalipia. Bado ni maoni. Mkono wa mtu hubadilika. Mchezaji akikaa mezani asubuhi anaandika jina lote. Foleni ikiendelea, inabaki herufi ya kwanza, mstari, na kitu kama mnyoo. Ninayo mipira miwili ya mchezaji mmoja, ya siku moja na meza moja. Ningeletewa jozi ile bila maelezo, ningesema mmoja ni wa kughushi. Na nilisimama pale nikiutazama mkono wake mara zote mbili.

Zamani kazi ilikuwa rahisi kidogo. Harmon Killebrew wa Twins, aliyefariki mwaka 2011, aliandika jina ambalo mtoto wa shule angelisoma, na aliwasumbua wachezaji vijana, Torii Hunter akiwa mmojawapo, nao waandike linalosomeka. Hunter alimsikia. Wengi wa leo hawakupata mzee wa kuwasumbua. Kwa saini za sasa mimi siangalii sana umbo la herufi, kwa sababu herufi zenyewe hazipo. Naangalia mwendo wa wino. Anayeandika jina lake mwenyewe hukimbia: mstari unaanza kabla kalamu haijatua sawasawa na unakonda inapoinuka. Anayechora jina la mwenzake huenda taratibu, na wino unalundikana pale anaposimama kufikiri. Ukiikuza picha utaona vidoto. Ila mghushi mwenye mazoezi naye hukimbia, na saa nyingine mchezaji halisi amechoka na anakwenda taratibu. Nimekwisha kusema “sijui” mbele ya mtu aliyekuwa tayari kunilipa nimwambie “ndiyo.”

Thamani sitaiongelea sana, maana nayo ni ugonjwa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara letu kucheza ligi kuu, aliingia na Pirates wa Pittsburgh tarehe 26 Aprili 2017 dhidi ya Cubs, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga vizuri mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs. Mimi ni mtu wa Cubs na niliruka kwenye kochi. Saini yake sokoni si ghali. Yangu haiuzwi.

La mwisho, maana nalo hunifanya nibishane. Watu huogopa kuandikiwa jina: “Asiandike ‘Kwa fulani,’ itashuka bei.” Ni kweli, inashuka. Lakini mghushi hupenda mpira usio na jina la mtu, kwa sababu anauza kwa yeyote. Wachezaji nao wanawachoka wachuuzi, na wengi hulegea ukiwaomba waandike jina la mtoto. Kwa mkusanyaji asiyeuza, jina hilo linafanya kazi ambayo cheti hakiiwezi: linasema mpira huu ulikuwa wa nani tangu dakika ya kwanza. Pale ambapo sheria za meza zinaruhusu, mimi huomba.

Ila majina yetu yaandikeni kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, muibandike pembeni ya kichochoro asome huku anaandika. Msimtamkie. Mpwa wangu Mwanaidi nilimletea mpira mzuri kabisa, wino safi, saini ya mrushaji ninayemheshimu, na juu yake pameandikwa “Kwa Monday.” Amekataa kuupokea. Anasema huyo Monday atafutwe apewe mpira wake.