Mfungo wa Wanafunzi wa Kuchangia Wenye Njaa: Maswali na Majibu

Katika mfungo wa aina hii, wanafunzi hukaa saa 24 bila kula, nao wazazi na marafiki huwachangia fedha za kusaidia wenye njaa. Yafuatayo ni maswali ambayo mzazi au mwalimu anafaa kujiuliza kabla ya siku yenyewe.

Mwili hufanya nini saa hizo zote?

Kwanza hutumia sukari iliyotokana na mlo wa mwisho, kisha ini huanza kutoa akiba yake, ambayo kwa kawaida hukaribia kwisha baada ya siku moja, na kadiri inavyopungua ndivyo mwili unavyozidi kutegemea mafuta. Njaa yenyewe huja na kuondoka, kwa sababu homoni inayoichochea hupanda katika nyakati za mlo zilizozoeleka. Saa saba mchana, wenzake wakipanga foleni ya posho na maharage, tumbo la anayefunga litanguruma; baadaye njaa hiyo hupoa ingawa hajatia kitu kinywani. Kichwa kikimuuma, huenda ni kiu, au ni kukosa chai aliyoizoea asubuhi.

Je, maji yanaruhusiwa?

Ndiyo, na yanywewe kwa wingi. Huu si mfungo wa Ramadhani, na hakuna sababu ya kumnyima mtoto maji.

Nani asifunge?

Mwenye selimundu asifunge kabisa, kwani upungufu wa maji mwilini unaweza kumletea maumivu makali. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayetumia insulini, ambaye sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia, mjamzito, anayepata nafuu kutokana na malaria, anayemeza dawa zinazohitaji chakula, na yule aliyewahi kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Huyu wa mwisho husahaulika mno. Wote wanaweza kukusanya michango, na wasilazimishwe kueleza sababu mbele ya darasa.

Wafungue kwa chakula gani?

Uji mwepesi au ndizi mbivu, kisha mlo wa kawaida baada ya muda. Sahani iliyojaa mara moja huumiza tumbo.

Je, mwanafunzi ataielewa njaa ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda?

Kwa kiasi kidogo. Yeye anajua saa ya kufungua, ilhali Karamoja ina msimu mmoja tu wa mvua, hivyo mavuno yakiharibika familia husubiri mwaka mzima. Mwalimu awape wanafunzi uzi wa sentimita 11.5 waufunge uwe duara: utazunguka vidole viwili au vitatu tu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki kipimo hicho huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, na kuhara au malaria vinaweza kumuua upesi kuliko mtoto mwenye afya.

Hata hamu ya kula humpotea. Ndiyo maana kliniki humpa kwanza lishe maalumu ya karanga, maziwa, mafuta na sukari, na kumtazama anavyoila: akiila vizuri, na hana ugonjwa mwingine mkubwa, hutibiwa akiwa nyumbani, akiikataa, hulazwa.