Gredi ya gari na injini yake: kipi kitangulie unaponunua gari lililotumika

Magari mawili ya modeli moja, mwaka mmoja na rangi moja yanaweza kuegeshwa ubavu kwa ubavu, na bei zake zikapishana sana ingawa hakuna lililochakaa kuliko jenzake. Mara nyingi kinachoyatenganisha ni gredi na injini. Gredi ni kiwango cha vifaa na mapambo ambacho kiwanda kiliamua kufunga kwenye modeli hiyo: aina ya viti, ukubwa wa rimu, redio, taa, kiyoyozi cha kuzungusha kwa mkono au cha kujirekebisha chenyewe. Injini ni mtambo wenyewe, na modeli moja huweza kutoka kiwandani na injini tatu au nne tofauti. Wauzaji huyataja mambo haya mawili kwa pumzi moja. Mnunuzi anayeondoka na jina la gredi tu anakuwa hajalijua gari. Kwenye gari lililotumika, injini ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Zamani mambo haya yalitengana waziwazi. Chevrolet ya mwaka 1957 iliuzwa kwa ngazi tatu: One-Fifty, Two-Ten na Bel Air. Bodi ilikuwa ile ile, ila Bel Air iliongezewa kromu na vitambaa bora vya ndani. Aliyetaka injini ya V8 kwenye One-Fifty ya bei ya chini aliiagiza na akaipata. Siku hizi viwanda hupunguza michanganyiko ili kurahisisha uzalishaji, kwa hiyo injini fulani hufungwa kwenye gredi fulani. Hata hivyo ufungaji huo si kamili, na hapo ndipo watu hupotea. Chukua Toyota Vitz ya kizazi kilichoanza mwaka 2005. Gredi ya RS ilikuja na injini ya lita 1.5, lakini F iliweza kuwa na injini ya lita 1.0 au ya 1.3. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni F", bado hujaambiwa utakuwa unaendesha nini. Kwenye Volkswagen Golf, Trendline, Comfortline na Highline ni ngazi za vifaa ambazo injini zake hutofautiana, ilhali GTI ni gredi na injini kwa pamoja.

Herufi na majina haya hayana kanuni ya pamoja kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Kwenye Honda Civic za Amerika ya Kaskazini, LX iko chini ya EX. Kwenye Ford F-150 ngazi huanzia XL, ikafuata XLT, kisha Lariat, King Ranch na Platinum. Usikisie kwamba herufi nyingi zinamaanisha gari bora. Tafuta brosha ya modeli hiyo, ya mwaka huo huo na ya soko ambalo gari liliuzwa likiwa jipya, kwa sababu jina lile lile la gredi huweza kubeba vifaa tofauti katika nchi mbili.

Mwaka una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Vifaa hushuka ngazi kadiri muda unavyokwenda: kilichokuwa cha gredi ya juu leo, miaka michache baadaye hufungwa kwenye gredi zote. Mfano ulio muhimu zaidi ni mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kupoteza mwelekeo linapoteleza. Marekani iliulazimisha kwa magari yote mepesi kuanzia modeli za mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Kabla ya hapo, kuwa nao au kutokuwa nao mara nyingi kulitegemea gredi. Vivyo hivyo mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayofunguka kulinda kichwa gari linapogongwa ubavuni. Kama kuna sababu ya kweli ya kulipia gredi ya juu kwenye gari la zamani, kwangu ni hii ya usalama, kabla ya ngozi ya viti na skrini.

Kuna pia vifurushi vya mwonekano, ambavyo huwadanganya watu hata bila muuzaji kusema uongo. M Sport ya BMW, AMG Line ya Mercedes-Benz na S line ya Audi ni vifurushi vya bampa, rimu, usukani na pengine shokapu ngumu zaidi. M na AMG zenyewe ni majina ya magari ya kasi ya viwanda hivyo, lakini gari la M Sport si gari la M, na AMG Line haina injini ya AMG. Chini ya boneti huweza kukaa injini ndogo kuliko zote za modeli hiyo. Hakuna ubaya kulipenda umbo hilo, mradi ujue kwamba unalipia umbo.

Sasa injini yenyewe. Kipimo ambacho kila mtu hukitaja ni ujazo: sisi (cc, yaani sentimita za ujazo) 1000 ni lita moja, na huo ni ukubwa wa nafasi ambayo pistoni zote kwa jumla hufagia zikipanda na kushuka. Ujazo ulisema mengi enzi ambazo injini zilivuta hewa zenyewe. Leo kuna tabo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda, kwa hiyo ujazo peke yake hautoshi. BMW za 3 Series zilizotoka mwaka 2012 zinaonyesha hilo vizuri: 320i na 328i zote zilikuwa na injini ya silinda nne ya sisi 1997 yenye tabo, ya familia moja. Ya kwanza ilitoa nguvu za farasi 184 na torki, yaani msukumo wa kuzungusha, ya nyutoni mita 270. Ya pili 245 na 350. Tarakimu 28 haikuwa lita 2.8. Ilikuwa jina la daraja tu.

Kati ya nguvu na torki, kwa matumizi ya kila siku tazama torki, na tazama inapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Torki ndiyo msukumo unaouhisi gari likipanda mlima likiwa limejaa watu na mizigo. Injini ya dizeli au yenye tabo huitoa mapema, mara nyingi kabla ya mizunguko 2000, wakati injini ndogo ya petroli isiyo na tabo hungoja hadi 4000 au zaidi. Ndiyo maana injini ndogo kwenye bodi nzito huweza kunywa mafuta kuliko ile kubwa kidogo ya modeli hiyo hiyo: dereva anaikanyaga muda wote. Injini ya lita 1.0 katika gari jepesi la mjini inatosha. Ile ile katika gari la familia linalosafiri mbali itachoka, na dereva atachoka pamoja nayo.

Yote hayo humhusu hata mnunuzi wa gari jipya. Anayenunua lililotumika ana swali zito zaidi: injini hii huzeekaje? Jibu limo katika ujenzi wake. Uliza kwanza kama ina mkanda wa taimingi au cheni, yaani kile kinachofanya valvu zifunguke kwa wakati unaolingana na pistoni. Mkanda ni wa mpira na una umri. Viwanda vingi huagiza ubadilishwe mahali fulani kati ya kilomita 100,000 na 160,000, au baada ya idadi fulani ya miaka, lolote litakalotangulia. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, huharibika. Kama muuzaji hana risiti ya kubadilisha mkanda, hesabu gharama hiyo ndani ya bei. Cheni ilikusudiwa kudumu, lakini hurefuka pale oili inapocheleweshwa, na dalili yake ni mchakacho wa chuma kwa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi. Ipo pia njia ya tatu, mkanda unaozunguka ndani ya oili, kama ule wa injini za mwanzo za Ford EcoBoost za lita 1.0. Hiyo haivumilii oili isiyo ya kiwango chake: mkanda humomonyoka na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili.

Uliza pia petroli huingiaje. Katika mfumo wa zamani nozeli hupulizia nyuma ya valvu, na petroli huziosha. Katika injini za sindano ya moja kwa moja, nozeli hupulizia ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na masizi hujijenga juu yake mwaka baada ya mwaka. Faida ni nguvu zaidi na mafuta kidogo. Hasara ni usafishaji ambao fundi lazima afungue ndipo aufanye. Toyota iliweka nozeli za aina zote mbili kwenye baadhi ya injini zake kuanzia mwaka 2005, na mpangilio huo hupunguza tatizo hilo sana. Kwa dizeli, hasa zilizofuata viwango vya moshi vya Euro 5 vilivyoanza Ulaya mwaka 2009, kuna chujio la masizi kwenye ekzosi ambalo hujichoma na kujisafisha gari likienda mwendo mrefu. Kama safari zako ni za dakika kumi kumi, dizeli ya namna hiyo haikufai, hata iwe gredi ya juu kabisa.

Vifaa vya gredi navyo huzeeka, na hili wanunuzi hulisahau kwa sababu siku ya kununua kila kitu kinawaka. Shokapu za hewa hutoboka. Paa la kioo lina mirija ya kutoa maji. Ikiziba, maji huingia ndani ya gari. Rimu kubwa hutaka tairi za bei ya juu zenye ukuta mfupi, na mashimo ya barabarani huzipasua upesi. Gredi ya kati, yenye vifaa vya usalama na bila mitambo ya starehe ya umeme, mara nyingi ndiyo inayosumbua kidogo baada ya miaka kumi.

Usithibitishe chochote kwa nembo iliyo kwenye buti. Nembo hubandikwa kwa gundi na hupatikana dukani. Fungua boneti au mlango wa dereva utafute kibati cha kiwanda. Kwenye Vitz niliyoitaja, msimbo wa modeli hukueleza injini waziwazi: KSP90 ni lita 1.0, SCP90 ni 1.3, na NCP91 ni 1.5. Herufi zinazofuata baada ya kistari hubeba habari za bodi, gia na gredi. Magari ya Volkswagen na Audi huwa na karatasi iliyobandikwa sehemu ya tairi la akiba au ndani ya kitabu cha sevisi, yenye misimbo ya kila kifaa kilichofungwa kiwandani. Namba ya chesisi ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na ukiiingiza kwenye programu ya kusoma namba hizo mara nyingi utapata injini na pengine gredi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, hivyo kwayo tegemea kibati. Mwisho soma namba iliyochongwa kwenye injini na uilinganishe na kadi ya gari. Zikitofautiana, injini imebadilishwa. Huenda iliyowekwa ni nzima kabisa, lakini muuzaji anapaswa kukueleza ilitoka wapi na kubadilisha kumesajiliwa au la.

Ukibaki na magari mawili ya bei moja, moja likiwa gredi ya juu lisilo na kumbukumbu za sevisi na jingine gredi ya chini lenye injini inayofaa safari zako na risiti za oili, chukua la pili. Redio, kamera ya nyuma, hata viti vya ngozi, fundi anaweza kukuongezea baadaye. Injini nyingine haiongezwi: hununuliwa nzima, pamoja na gia, waya na kompyuta vinavyokubaliana nayo.