Je, wajua kwa nini fundi wa kuchomelea hupata homa usiku bila kuwa na malaria?

Fundi ameshinda akichomelea geti la mabomba yaliyopakwa zinki. Mchana alikuwa mzima. Usiku anasikia ladha ya chuma mdomoni, kifua kinabana, baridi inamtetemesha na viungo vinauma. Wengi hukimbilia dawa ya malaria bila kupima, kumbe homa imewashwa na kinga ya mwili wenyewe.

Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo zinki hugeuka mvuke mapema, mvuke ukaungana na oksijeni, ukawa oksidi ya zinki: ule moshi mweupe. Chembe zake nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, ndiyo maana hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Huko zinapokewa na makrofaji, seli za kinga ambazo humeza vumbi na bakteria na kuvitia kwenye kifuko chenye asidi. Bakteria huishia humo. Oksidi ya zinki nayo huyeyuka, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu inaachia ioni za zinki (atomi zenye chaji ya umeme) kupita kiasi ambacho seli inaweza kuhimili. Seli iliyoumia hutoa saitokini, kemikali za kuita msaada. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, humiminika mapafuni kutoka kwenye damu, na ubongo hupandisha joto la mwili. Mlolongo huo huchukua muda, ndiyo maana homa huja saa 4 hadi 12 baada ya kazi, kisha kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili.

Dioksidi ya titani, ile ya rangi nyeupe za ukutani, haiyeyuki kirahisi kwenye asidi hiyo, hivyo haileti homa ya namna hii.

Anayevuta moshi wa zinki kila siku, mwili wake huuzoea, lakini mazoea hayo hupotea akipumzika mwisho wa wiki, na Jumatatu homa inarudi. Maziwa, ambayo mafundi wengi huyaamini, huenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kabla ya kuchomelea, kufanyia kazi penye upepo, na kuvaa barakoa maalumu ya moshi wa metali.

Pumzi zikikata, nenda hospitali haraka na umweleze daktari ulichomelea nini. Moshi wa kadimiamu, metali nyingine, huanza na dalili hizi hizi, nao unaua.