Kabla ya kukimbilia ruzuku ya serikali

Kazi yangu ni kupitia maombi ya fedha ya biashara ndogo na kampuni changa kabla hayajamfikia mwenye kuamua. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ruzuku zinapatikana wapi? Nalielewa. Nani asiyetaka fedha zisizorudishwa? Lakini serikali huzisaidia biashara kwa njia nyingi, na mara nyingi ruzuku siyo inayotibu tatizo ulilo nalo.

Nianze na udhamini wa mikopo, maana ndio usioeleweka kuliko yote. Mfanyabiashara mdogo akinyimwa mkopo, si lazima biashara yake iwe mbovu. Huenda hana nyumba wala kiwanja cha kuweka rehani, na benki haina kumbukumbu za kutosha za kumpima. Serikali huingia hapo na kuiambia benki: mkopeshe, akishindwa kulipa nitabeba sehemu ya hasara. Japani ilianza mfumo huo Tokyo mwaka 1937. Marekani ina SBA, shirika la serikali la biashara ndogo lililoundwa 1953. Katika mpango wake mkuu, 7(a), udhamini wa kawaida hufika asilimia 85 kwa mkopo usiozidi dola 150,000, na asilimia 75 kwa mkopo mkubwa zaidi.

Sasa tazama hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua mkopo wa 100,000, kwa sarafu yoyote, uliodhaminiwa kwa asilimia 75. Umerejesha 40,000 ya mkopo wenyewe, kisha ukakwama. Zimebaki 60,000. Mdhamini ataipa benki 45,000, na 15,000 itakuwa hasara ya benki mpaka zipatikane kwako. Wewe bado unadaiwa 60,000 zote, pamoja na riba. Udhamini unailinda benki. Wewe unakufungulia mlango tu. Nimeona watu wakisaini wakiamini kwamba serikali imeshawalipia robo tatu ya deni, na hakuna aliyewaeleza vinginevyo. Afisa mikopo anayenyamaza wakati huo anafanya kosa kubwa. Uliza pia kuhusu ada ya udhamini, kwani kwa kawaida humwangukia mkopaji na huongeza gharama ya mkopo hata kama riba inaonekana nafuu.

Kwa nini udhamini usiwe asilimia 100? Benki isiyo na cha kupoteza haina sababu ya kumchunguza mkopaji, na mikopo mibovu itajaa. Israeli ilijifunza jambo linalofanana na hilo upande wa mitaji ya kampuni changa. Mwaka 1992 ilianzisha mpango wa Inbal, uliowahakikishia wawekezaji kwamba serikali ingebeba sehemu kubwa ya hasara yao. Haukufika mbali. Mwaka uliofuata ikaja Yozma, ikiwa na dola milioni 100 na fikra tofauti: serikali ilichangia hadi asilimia 40 ya mfuko wa uwekezaji, kisha ikawapa wabia binafsi haki ya kununua sehemu yake ndani ya miaka mitano kwa gharama ya awali na riba. Mwekezaji akichagua kampuni nzuri, faida inakuwa yake. Inbal iliwapunguzia wawekezaji hofu ya hasara, Yozma ikawaongezea hamu ya kutafuta kampuni zitakazokua, na soko la mitaji la Israeli lilichangamka kutokana na hii ya pili.

Turudi kwenye ruzuku. Sizikatai. Kwa utafiti ambao hakuna benki itakayougusa, ndizo zinazofaa. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1982 iliyoanzisha SBIR, mpango wa kugharamia utafiti wa biashara ndogo, iliyataka mashirika ya serikali yenye bajeti kubwa za utafiti yatenge sehemu kwa ajili ya kampuni ndogo. Ila ruzuku nyingi hulipwa baada ya matumizi: unanunua mashine kwa fedha zako, unapeleka stakabadhi, unasubiri kurudishiwa. Nyingine zinakutaka uchangie nusu. Kwa hiyo mtu akiniletea barua ya kukubaliwa, kwanza nachora jedwali la miezi kumi na miwili, fedha zinazoingia juu, zinazotoka chini, na kutafuta mwezi ambao salio linashuka chini ya sifuri. Mara nyingi ni mwezi uleule wa kununua mashine. Ruzuku imeshaidhinishwa, na mishahara haina pa kutoka.

Misamaha ya kodi nitaipitia haraka: kampuni ambayo bado haijapata faida haina kodi ya faida ya kusamehewa.

Msaada ninaoupigania zaidi ni serikali kuwa mteja. Sheria ya Marekani imeweka lengo la angalau asilimia 23 ya thamani ya mikataba mikuu ya serikali kuu kwenda kwa biashara ndogo; Kenya hutenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Zabuni inakupa mapato na pia ushahidi wa kazi utakaouonyesha kwa mteja mwingine. Lakini ahadi ni deni, na ankara ya serikali iliyokaa miezi bila kulipwa inaweza kuua biashara ambayo ruzuku ilikuwa imeiinua. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: agizo lake la 2011 linazitaka taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30, au 60 kwa hali maalumu, na mchelewaji analipa riba inayozidi riba ya msingi ya benki kuu kwa angalau pointi 8 za asilimia.

Ukipata zabuni, soma kifungu cha malipo kabla ya kifungu cha bei. Tafuta siku zinaanza kuhesabiwa lini: ankara inapopokelewa, au kazi inapokaguliwa na kukubaliwa? Kama ni ukaguzi, nani anakagua, na ana siku ngapi? Mkataba ukiwa kimya, omba jibu kwa maandishi kabla ya kusaini, kisha ipeleke tarehe hiyo kwenye jedwali lako la miezi kumi na miwili.